Kishale cha Lambert

Haya yalimfika Clotilde, jirani yetu wa mtaa wa Kikula, mchana kweupe. Umeme ulikuwa umerudi mjini Likasi baada ya siku kadhaa za giza, naye akawahi ofisini, kwenye kiwanda cha shaba ambacho nusu ya mashine zake zilikwisha kunyamaza.

Alikuwa na kazi moja: kuandika maelezo ya amri za kusogeza kishale, kile kistari kinachopepesa kwenye kioo cha kompyuta kuonyesha mahali unapoandika. Herufi moja mbele. Neno moja nyuma. Mwisho wa mstari. Mwanzo wa ukurasa. Amri hizo aliziunda Lambert, mchumba wake, ndani ya programu yao ya kuandikia. Lambert alizaliwa Likasi, lakini baba yake alitoka Kasai. Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu Katanga, naye alipanda treni. Tangu hapo, kimya.

Godefroid, mlinzi, alichungulia mlangoni. "Mama Clo, weye peke yako tena? Iyi mashini itakupikia bukari?" Bukari kwetu ndiyo ugali.

"Haipike, papa. Lakini haikimbie."

Mzee akacheka, akaenda zake. Nyayo zake zikafifia. Vikabaki viti vitupu.

Clotilde akaandika mstari wa mwisho: "Lambert akirudi, ataongeza nyingine." Akaondoa mikono, ajinyooshe.

Kishale kikaruka hadi mwanzo wa ukurasa.

Kikaanza kutembea. Neno kwa neno, polepole, kama kidole cha msomaji. Hivyo ndivyo Lambert alivyozoea kumsahihisha: hasemi kitu, anapeleka kishale chini ya kosa, anasubiri.

Kikasimama. Alikuwa ameandika "kushoto" pahali pa "kulia". Akasahihisha. Kikaendelea.

"Ni weye?" akanong'ona. Machozi ya furaha yakamlengalenga.

Mstari baada ya mstari, kikapita. Ukabaki mmoja, ule wa mwisho.

"Lambert." Kikapita.

"Akirudi."

Kikasimama.

Kikasubiri.

"Hapana," akanong'ona. "Ile sitafuta. Ile siwezi."

Kikasubiri.

Umeme ukakatika. Feni ikanyamaza. Maneno yote yakazimika.

Kishale hakikuzimika.

Kompyuta ile haikuwaka tena; waliitupa stoo, waya wake ukakatwa ukauzwa. Lakini kwenye kioo cheusi, upande wa chini, kimebaki kistari kidogo kisichofutika. Godefroid hukipangusa kwa kitambaa, hajawahi kukigusa kwa kidole. Clotilde amekigusa.

Bado kina joto.