Karani Asiyejua Alichoandika

Mama Karani alikuwa fundi cherehani. Alishonea kibarazani, mguu kwenye pedali, pini mdomoni. Ukimsalimia, alikujibu kwa nyusi.

Binti yake wa miaka tisa alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Mtaani walimwita Karani kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Alikuwa mwaka wa tatu katika darasa la watoto viziwi, na daftari lake lilijaa tiki nyekundu.

"Mwandiko umenyooka kama mshono!" kinyozi jirani alipenda kusema. "Wangu mimi ni kuku kapita kwenye tope."

Siku moja mwanamke mwenye mkoba alipiga hodi.

"Mimi ni mtathmini, mama. Napima kama darasa la viziwi linawasaidia watoto. Mwalimu nimeshamuuliza. Sasa nawauliza wazazi na watoto wenyewe."

Mama Karani alishtuka. Darasa hilo likifungwa, jingine lilikuwa mwendo wa siku nzima. Alitema pini.

"Darasa zuri sana! Mwalimu mzuri! Hata choo kizuri!"

"Jirani," kinyozi akadakia, "choo umekiona lini?"

Mtathmini alitabasamu, akamketisha Karani kando yake, akafungua daftari la mtoto. Alionyesha neno "jua", akachora jua, ili Karani aelewe kwamba achore maana. Kisha akaonyesha sentensi yenye tiki kubwa: *Ng'ombe anakunywa maji.* Akampa Karani penseli.

Karani aliinama. Akaandika kwa uangalifu: *Ng'ombe anakunywa maji.* Akasubiri tiki.

"Anaona haya tu," mama yake alisema haraka.

Mtathmini akaonyesha neno "mama". Mama mwenyewe alikuwa ameketi pale pale. Karani hakumtazama. Alilinakili neno, herufi kwa herufi.

Kinyozi aliacha utani.

"Nikisema ukweli," Mama Karani aliuliza, "mtalifunga?"

"Uamuzi si wangu, mama, siwezi kukuahidi. Lakini nikiandika kwamba kila kitu ni kizuri, hakuna atakayerekebisha chochote."

Mama Karani alimtazama mwanawe.

"Mwalimu ni mpole. Lakini hajui lugha ya alama. Anaongea huku ameelekea ubaoni. Nilimwona kupitia dirisha tangu mwaka wa kwanza, nikanyamaza. Nilishukuru tu kwamba wamempokea."

"Na nyumbani mnaongeaje?"

"Kula. Lala. Njoo." Alionyesha kwa mkono. "Basi."

"Mtoto kiziwi anahitaji lugha anayoweza kuiona," mtathmini alisema. "Akiwa nayo, maandishi yanapata maana. Bila hiyo, ananakili maumbo tu. Akitoka shule, usihesabu tiki. Mwambie akuonyeshe alichojifunza, kwa alama au kwa picha. Asipoweza, nenda kamuulize mwalimu."

Ripoti ilieleza yote. Mama Karani alikaa wiki saba roho juu. Darasa halikufungwa. Mwalimu alipelekwa kusomea lugha ya alama, na akaajiriwa mwalimu wa pili, mwanamke kiziwi. Kila Jumamosi wazazi nao walifundishwa. Vidole vya Mama Karani, hodari kwa sindano, huko vilikuwa vigumu kama kuni. Karani alivikunja mwenyewe huku akimcheka mama yake.

Miezi ikapita. Mwandiko wa Karani ukaharibika kidogo, maana sasa aliandika haraka, maneno yake mwenyewe: *Mama shona. Mimi njaa.*

Jioni moja alisimama mbele ya cherehani. Akauliza kwa mikono: "Baba yuko wapi?"

Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Siku ya mazishi Karani alivishwa gauni, akapelekwa, akalia kwa kuona wengine wanalia, akarudishwa. Hakuna aliyemweleza, kwa sababu hakuna aliyeweza.

Mama Karani aliondoa mguu kwenye pedali. Alama ya kufa alikuwa ameshafundishwa. Akaifanya polepole.

Karani aliitazama mikono ya mama yake mpaka ikatulia.

"Aliumwa?"

"Ndiyo. Kifua."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikujua namna ya kukuambia."

Karani alilala mapajani mwa mama yake akalia, na safari hii alijua anamlilia nani.