Hodi ya Hashimu

Mchana kutwa rafiki yangu Hashimu, aliyepanga chumba Kibiti, aligombana na kompyuta yake. Alikuwa akijaribu humo humo, kabla ya kuipeleka mtandaoni, programu aliyoitengeneza: mtu akifungua ukurasa, inapiga hodi kwa sauti ya Hashimu mwenyewe. Ikagoma kabisa. Maghribi umeme ukakatika, intaneti nayo ikafa; kompyuta ikabaki inawaka kwa betri.

"Hodi," ikasema kompyuta.

Hashimu akasonya, akaizima. Gizani akaisikia tena: "Hodi."

Bibi yake wa Kiongoroni alishamkataza kuitikia hodi ya gizani kabla hajamjua anayebisha. Lakini hasira zilikwisha kumpanda.

"Ingia basi, mshenzi wewe."

Nyuma yake chaga za kitanda zikalia.

"Ahsante, nishakaa," ikasema sauti ya Hashimu, na haikutoka kwenye kompyuta.