Siku Nilipowakana Dagaa wa Mama

Likizo ya Desemba, watoto wengine wa Ujiji hulala mpaka jua liwachome visigino. Mimi, Pazi, jua lilikuwa linanikuta ufukweni Katonga, nimejifunga kanga ya mama kichwani, nageuza dagaa.

Kazi yenyewe iko hivi. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa ziwani, dagaa huja kushangaa mwanga, nao hushangaa wamo ndani ya wavu. Asubuhi mama hununua mabeseni kadhaa, tukawatandaza juu ya vichanja, asiwepo wa kumlalia mwenzake. Jua likipanda tunawageuza. Na muda wote jicho moja sharti liwe ng'ambo, kwenye milima ya Kongo. Milima ile ikifunga wingu jeusi, huulizi mtu: unakusanya, unafunika turubai. Dagaa aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu huoza, akawa chakula cha kuku.

Dagaa wa mwaka ule walikuwa na jina. Mama aliwaita "sanduku la Zuleha". Dada yangu Zuleha alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na Januari ilikuwa inakuja mbio. Bila sanduku na godoro asingeweza kwenda. Baba alikuwa kusini, Kalya, akivua, na alichotuma kilitosha matumizi ya jikoni tu. Kwa hiyo sanduku lilikuwa palepale juani, likikauka.

Sikuwa na ugomvi na kazi ile, mpaka siku aliponikuta Abdulmajid. Abdulmajid alikuwa mwanafunzi wa sekondari, mwenye ndevu tatu ambazo alizihesabu kila asubuhi.

"Shikamoo, mama dagaa!" aliniita mbele ya wenzake. "Unapika nini leo?"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha akanivuta pembeni, akanipa darasa ambalo sikuliomba.

"Sikiliza, dogo. Wasichana wanapenda mwanaume mgumu. Hacheki ovyo, haogopi, na hagusi kazi za kike. Ukionekana na kanga kichwani, nani atakutazama? Nasra?"

Jina hilo ndilo lililonimaliza. Nasra nilikuwa nasoma naye darasa moja. Alinishinda hesabu, alinishinda mbio, na kila akicheka mimi nilisahau nilichotaka kusema. Sikujua nilitaka nini hasa kwake. Labda nilitaka tu aone kwamba nipo.

Basi nikaanza kujifunza ugumu. Nilitembea nimetanua mikono kama mtu aliyebeba matikiti maji kwapani. Nilizungumza kwa sauti ya kiboko mwenye mafua. Nilipokutana na Nasra kisimani, nikamsalimia kwa sauti hiyo.

"Pazi," akasema kwa huruma ya kweli, "una majipu kwapani?"

Mngedhani hapo ningepata akili. Wapi!

Jumamosi moja mama na Zuleha walipeleka dagaa wakavu sokoni Mwanga. Vichanja vilivyobaki vilikuwa vimejaa, dagaa wazuri, weupe.

"Tunakuachia sanduku," mama aliniambia. "Usiondoe jicho ng'ambo."

"Nenda tu, mama. Mimi nipo."

Nilikuwepo kwa saa moja. Kisha nikamwona Nasra akishuka ufukweni na ndoo ya vyombo. Mikono yangu iliivua kanga kabla sijaiagiza. Niliitupa chini ya kichanja, nikakimbilia kwenye mitumbwi, ambako Abdulmajid na wenzake walikuwa wakipimana nguvu kwa kuinua injini ya boti iliyoharibika.

Nasra alisimama karibu nasi, akatazama ng'ambo, akanitazama mimi.

"Pazi, wale pale si dagaa wenu? Mbona milima imefunga?"

Abdulmajid alikohoa kidogo. Nikatanua matikiti yangu.

"Wale? Siwajui," nikasema kwa sauti ya kiboko. "Hizo ni kazi za wanawake. Sisi huku tuna kazi za kiume."

Wenzangu wakapiga makofi. Nasra hakucheka. Alitua ndoo yake mchangani, akaondoka.

Nikaikumbatia injini. Nilivuta pumzi, nikainua. Injini haikuinuka, mimi ndiye niliyelala. Nilikuwa bado nimeilalia kama kuku anayeatamia, upepo ukaja, na nyuma yake mvua, matone makubwa kama kokoto.

Niliruka, nikakimbia. Lakini nilipofika kwenye mtumbwi wa mwisho, miguu ikagoma. Pale kwenye vichanja vyetu Nasra alikuwa akikusanya dagaa kwa mikono miwili. Pamoja naye alikuwa Mzee Alphonce, mtu wa Mwamgongo, nahodha mwenye mabega kama mlango wa ghala, ambaye vijana wote wa Katonga walimwogopa. Alikuwa amevua shati lake, analitumia kukusanyia dagaa. Na kichwani, ili maji yasimwingie machoni, alikuwa amejifunga kanga ya mama yangu.

Nilitakiwa kwenda. Hatua ishirini tu. Lakini Abdulmajid alikuwa nyuma yangu, na Nasra mbele yangu, nami nilikuwa nimeshasema siwajui dagaa wale. Nikachuchumaa nyuma ya mtumbwi. Nikajificha, huku wengine wakiokoa sanduku la dada yangu. Mpaka leo nikiukumbuka mtumbwi ule, masikio yananichoma.

Nilitoka walipoondoka. Nusu ya dagaa walikuwa salama chini ya turubai. Nusu nyingine walikuwa uji.

Mama alifika amelowa, anahema. Aliinua turubai, akatazama, akashika kifua.

"Alhamdulillahi! Pazi, umeokoa hawa wote peke yako?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Ndiyo, mama. Mvua ilikuwa kali, nikashindwa kuwamaliza."

Akanikumbatia. "Baba yako akirudi nitamwambia ana mwanaume nyumbani."

Jioni ile nilipewa kipande cha mgebuka, samaki wa ziwa letu, chenye mgongo mnono, kile anachopewa baba akiwepo. Zuleha mwenyewe ndiye aliyenipakulia. "Kula, mwenye sanduku langu," akasema. Nimekula mgebuka tangu nimeota meno, sijawahi kumeza mwiba. Siku hiyo nyama yenyewe ilikuwa mwiba.

Asubuhi mama alinishika mkono, tukaenda ufukweni. Mzee Alphonce alikuwa ameketi, anashona wavu. Nasra alikuwa karibu, anasugua sufuria kwa mchanga.

"Mwakeye, Mzee Alphonce!" mama akamsalimia kwa Kiha, uso umejaa furaha. "Kanga yangu haionekani tangu jana. Nasikia iko kwako. Labda upepo uliileta. Lakini hebu mtazame huyu! Jana ameokoa dagaa peke yake katika mvua ile!"

Mzee Alphonce alinyanyua macho. Alinitazama. Nasra naye aliacha kusugua. Nilisubiri waseme. Wangeniumbua, ningepata wa kumkasirikia. Waliniachia ukimya wote uwe wangu.

"Mama," nikasema. Sauti ya kiboko ilikuwa imekufa, ikabaki yangu, nyembamba. "Si mimi. Ni Mzee na Nasra. Mimi nilikuwa nyuma ya mtumbwi ule, nimejificha."

"Umejificha? Mvua?"

"Nimejificha wao wasinione. Nilisema dagaa siwajui. Nilisema ni kazi za wanawake."

Mama hakunipiga. Aliuachia mkono wangu tu, polepole. Afadhali angenipiga.

"Kazi za wanawake," akarudia. "Hilo shati ulilovaa, limetoka wapi, Pazi? Limetoka kwenye kazi za wanawake."

Nililia pale pale, mbele ya Nasra, mbele ya Abdulmajid aliyekuwa akipita. Ugumu wangu wote ulitokea puani.

Mzee Alphonce akapiga mchanga kando yake. "Keti, mwanangu. Unaona hii ni nini?"

"Sindano, Mzee."

"Nashona siku nzima. Nikishona wavu, naitwa nahodha. Mwanaume akidarizi foronya, watoto wanamcheka. Sindano imekosa nini? Na ndani ya boti, usiku, nani anatupikia ugali? Mimi. Mama yako hayumo mle."

Abdulmajid alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Nilitaka wasichana wanione mwanaume," nikanong'ona.

"Haya, nikwambie. Ujana wangu nilimwangushia mke wangu Melania galoni la mawese, tukiwa safarini ndani ya boti, kabla hatujajuana. Wenzangu wakasema, sema ni wimbi. Nikamwambia ni mimi, na nikamsaidia kukamua mengine kwa wiki mbili. Wenye mabega tulikuwa wengi kwenye boti ile. Mwenyewe anasema aliona mmoja tu."

Siku zile zilizobaki za likizo sikuhitaji kuamshwa. Niliwafukia dagaa waliooza, wanaofaa kwa kuku nikawapeleka kwa wafugaji, na giza la mwezi liliporudi nikatandaza na kugeuza hadi vidole vikanuka hata kwenye ndoto. Kanga nilijifunga. Nasra alipita mara nyingi, sikuivua.

Siku moja nikamuuliza, kwa sauti yangu halisi, "Hivi nyie wasichana mnapenda mvulana wa namna gani?"

"Hatujafanya kikao," akajibu. Kisha akaokota dagaa aliyeanguka, akamrudisha kwenye kichanja. "Mimi harufu ya dagaa nimeizoea. Ya uongo ndiyo inanichefua."

Januari godoro lilipatikana, na sanduku pia, la bati, la buluu. Nililibeba kichwani mpaka stendi, na Zuleha akanifuata nyuma, akinicheka njia nzima jinsi nilivyoyumba. Basi lilipoondoka, mama alinirudishia mkono wake, ule alioniachia ufukweni.

"Uanaume si kujua kazi ipi usiiguse, Pazi," akasema. "Ni kusimama mahali ulipoachwa. Na ukishakimbia, ni kurudi na kusema: nilikimbia. Mwenye kukupenda atakuona hapo hapo."

Kisha akatazama ng'ambo, nami nikatazama. Milima ilikuwa imefunga. Tukakimbia wote wawili kuelekea vichanjani.