Mfuniko Mwekundu

Gari lilikuwapo; injini haikuwapo. Inspekta aliinama chini ya boneti iliyo wazi na kulimulika kwa tochi shimo tupu lililobaki.

"Jumamosi nina mashindano," alisema mwenye gari, dereva kijana ambaye mji mzima ulimwita Kimondo. "Na mwizi namjua. Ni Spana. Nimeiona injini yangu karakanani kwake kwa macho yangu mawili."

Inspekta alizidi kumulika. Nyaya zilikuwa zimefungwa kwa kamba vizuri, boliti zimepangwa kwenye makopo, na kila mdomo wa bomba umezibwa kwa kitambaa safi.

"Mwizi gani huyu," alimuuliza koplo, "anayeiba kisha akatandika kitanda?"

"Mwizi mstaarabu, afande."

Koplo hakuwa na shaka. Alikuwa ameshamkamata Spana, fundi wa kike aliyemshinda Kimondo msimu uliopita, na mlango wa karakana yake ameuvunja kwa teke.

Inspekta alikwenda kwenye karakana ya Spana, akaagiza mtuhumiwa aletwe hapo. Aliingia na pingu mikononi, kidevu juu.

"Injini hii umeitoa wapi?"

"Bandarini. Risiti mnayo. Koplo wako kasema ni ya kughushi."

"Muongo!" Kimondo alidakia. "Hii ni injini yangu ya 1JZ. Huo mfuniko mwekundu nimeupaka mimi!"

"Rangi, hata kucha hupakwa."

"Basi nionyeshe tofauti," alisema Inspekta.

"Sionyeshi kitu. Nimelala kwenye sakafu yenu bila kuulizwa hata swali moja. Mpelelezi ni wewe, peleleza! Anza kwa kumuuliza huyo bingwa yake ni toleo gani."

Koplo alifura. Inspekta alimzuia kwa mkono, akamgeukia Kimondo.

"Toleo gani?"

"La kwanza. Turbo mbili ndogo." Sauti ya kijana ikashuka. "Ilikuwa ya marehemu kaka. Niliichomoa kwenye gari lake lililopinduka."

Inspekta aliizunguka ile injini. Turbo ilikuwa moja, kubwa.

"Turbo si ushahidi, afande," alisema koplo. "Mtu hung'oa mbili akafunga moja."

"Hapo umesema kweli," alijibu Spana. "Leo jua litachomoza magharibi."

Inspekta aliomba simu ya Kimondo, akakuza picha ya injini iliyoibwa, akailinganisha na ile iliyokuwa mbele yake. Alitazama huku, akatazama kule. Mbele ya silinda hedi, upande hewa inapoingilia, hii ilikuwa na uvimbe kama tezi, na waya umechomekwa karibu yake. Kwenye picha, mahali hapo palikuwa bapa.

"Hiki ni nini?"

Spana alishusha kidevu. "Sasa umeuliza. Ni kifaa cha kubadili taimingi, yaani wakati vali zinapofunguka, injini ikizunguka. Matoleo ya baadaye ndiyo yaliyo nacho. La kwanza halina, wala silinda hedi yake haina pa kukifunga."

Kimondo alisogea, akachungulia, akanywea.

"Mfungue pingu," Inspekta aliamuru.

"Samahani, dada," koplo alinong'ona.

"Samahani haina bawaba. Mlango wangu mtautengeneza leo."

Nje, Inspekta alimshika Kimondo bega. "Unamjua nani anayeziba mabomba kwa kitambaa safi akishang'oa injini?"

"Mama. Alikuwa fundi wa mabasi, aking'oa injini kwa winchi peke ya..." Alikatiza, akageuka kuelekea nyumbani kwao.

Pamoja na koplo, walimkuta mama jikoni, amevaa ovaroli, ananawa grisi.

"Mmechelewa," alisema. "Karibuni."

"Uliiba wewe, mama?" Inspekta aliuliza.

"Niliing'oa mimi."

"Na binti wa watu akalala mahabusu?"

Hapo tu ndipo alipoinamisha macho. "Kwake nina kosa, na nitakwenda kumpigia magoti. Nilidhani mtamwachia papo hapo. Injini yake na ile, hata kipofu angepapasa akajua!"

"Iko wapi?"

"Uani, vipande vipande. Bloku nimelipasua kwa nyundo." Aliinua uso tena. "Injini ile imeshanilia mtoto mmoja. Huyu wa pili nimemsihi, nimemlilia, amenicheka. Nikaona sasa tuzungumze kwa spana."

"Mama!" Kimondo alilia. "Ndiyo iliyobaki ya kaka!"

"Kilichobaki cha kaka yako ni wewe, mjinga wewe!"

Koplo alizitazama pingu zake kama kitu alichookota njiani. Mama mwenyewe alinyoosha mikono, ingali inadondosha maji.

"Nifunge, mwanangu. Na wewe Inspekta, andika kwenye maelezo yako: akifunga nyingine, nikitoka naing'oa na hiyo."