Boke na Mji wa Makaa ya Mawe

"Nelson, huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Aliyepita nyuma yako na kikombe. Amekuita kariad. Nimesikia."

Picha ikaganda. Simu ikakatika.

Boke alibaki kaduwaa nje ya jiko la kambi ya watalii, Natta, alikofanya kazi ya mapokezi. Nelson, mchumba wake, kijana wa Matongo, alikuwa Barry, mji wa pwani kule Wales, akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Ng'ombe wa mahari walishafika kwa kina Boke. Aliyesubiriwa ni bwana harusi tu.

Na Boke alikuwa mtu wa kuuliza. Kila simu ilikuwa maswali. Bahari ya huko ina harufu gani? Reli zile zinakwenda wapi? Mbona bandari kubwa hivyo na meli hazionekani? Nelson alimjibu yote. Alimwonyesha ufukwe, mabembea, maghala ya zamani. Chumba chake tu ndicho hakuwahi kukionyesha.

Boke akaliandika lile neno kwenye simu kama alivyolisikia. Jibu likaja: kwa Kiwelisi, maana yake mpenzi.

Akatuma ujumbe: "Nimejua maana ya kariad. Nipigie sasa hivi, la sivyo namwambia baba awarudishe ng'ombe wenu."

Simu ikaita hapo hapo. Uso uliotokea haukuwa wa Nelson. Alikuwa bibi wa kizungu, kichwa chote mvi, akizungumza Kiingereza cha polepole.

"Wewe ndiye Boke?"

"Ndimi. Na wewe ni nani kwa Nelson?"

"Mwenye nyumba. Naitwa Gwen, kapanga chumba kwangu. Hilo neno namwita kila mtu, mjukuu wangu, muuza samaki, hata paka."

Boke alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Bibi alikuwa hajamaliza.

"Lakini, binti, huyu kijana ana jambo. Kila jioni anasema atakwambia kesho, na mimi nimeichoka hiyo kesho. Nelson, shika simu!"

Nelson akatokea, macho chini.

"Boke, sirudi. Yaani, harusi nakuja. Ila kuishi, niliomba nibaki huku. Serikali ya huku imenikubalia."

"Lini?"

"Kabla ya Pasaka. Barua nimeibandika ukutani chumbani, ndiyo maana sikukuonyesha."

"Pasaka! Na kile kiwanja cha Matongo ulichoniambia nichague mwenyewe pa kuweka jiko?"

Boke akaisogeza simu karibu na uso.

"Angekuwa mwanamke, Nelson, ningejua pa kumshika. Mji nitaushika wapi?"

Akakata, akamzuia kwenye simu.

Nelson akaomba ruhusa kazini, akapanda ndege. Boke alikuwa likizo nyumbani kwao, bodaboda iliposimama uani na Nelson akashuka na koti zito mkononi, jasho likimtiririka. Mama yake Boke, Mokami, alikuwa anapepeta mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura. Kijana wangu, umekuja kuoa au kuaga?"

"Nimekuja kuongea na Boke, mama."

"Ongea hapa hapa. Mimi na mtama wangu hatusemi kitu."

Boke hakumpa hata kigoda.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utakataa."

"Kwa hiyo ukanikatalia wewe kabla sijaulizwa."

"Nimekosa, Boke."

"Huo mji una nini?"

Nelson akaketi chini, kwenye vumbi.

"Ulijengwa kwa makaa ya mawe. Treni ziliyateremsha toka mabondeni, meli zikayabeba dunia nzima. Babu yake Gwen alikuwa baharia, alikuja na meli ya makaa akaoa pale pale. Halafu biashara ya makaa ikafa. Watu wakasema na mji utakufa."

"Haukufa?"

Swali lilimtoka Boke kabla hajalizuia.

"Haukufa. Wale wazee ninaowaogesha ndio walioshika kazi gatini wakiwa vijana. Wananisimulia, na mimi naiona Matongo. Nayaona mashimo yetu ya dhahabu. Siku dhahabu ikiisha, sisi tutaishije?"

"Wao waliishije?"

"Wengine walihama. Wengine walifungua vibanda vya chai na chipsi ufukweni. Wengine walikunywa pombe mpaka ikawaua. Sijamaliza kuwasikiliza, Boke. Na sitaki kuwasikiliza peke yangu."

Ungo wa Mokami ulikuwa umesimama muda.

"Ungeniambia hivi kabla ya Pasaka," Boke alisema, "ningekuwa nimeshafunga begi. Hukujua hilo?"

"Sikujua."

"Kwa sababu hukuuliza! Mimi nakuuliza mpaka harufu ya bahari, wewe hukuniuliza hata moja." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Ndoa tutafunga hapa, mama akiona. Kisha nitakwenda nikapaone. Nikishindwa kuishi, tunarudi wote. Sema mbele ya mama."

"Tunarudi wote. Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mura. Na mimi sisahau."

Wakafunga ndoa kanisani Bomani, na Gwen akaitazama kwa simu huku analia wazi wazi. Karatasi za safari zilipokamilika, Boke akaondoka.

Barry ilimpokea kwa mvua ya ubavu na upepo wa kung'oa kilemba. Aliitembea yote. Aligusa kuta za gati, akaketi na wale wazee aliowahudumia Nelson, akawauliza makaa yalipakiwaje, nani alilia meli ya mwisho ilipoondoka, wake zao walipika nini mishahara ilipokoma. Wazee waliokuwa hawafungui mdomo kwa wiki nzima wakawa wanauliza, yule binti anakuja leo?

Baridi ilipoisha, mama yake alipiga simu.

"Umepaona?"

"Nimepaona, mama. Pana upepo mbaya na samaki mzuri."

"Mnarudi?"

Pembeni, Nelson aliacha kutafuna. Alisubiri tu, kama mtu aliyejifunza.

"Hatujaamua, mama. Leo ndio tunaulizana."

Akaweka simu mezani, akamgeukia mumewe.

"Haya. Anza wewe kuniuliza."