Aliyechoka Kusimama Relini

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya magodauni ya Industrial Area wakati Mideva alipotoka kwenda kumnunulia mumewe pampas. Za watu wazima. Zilikuwa zimeisha tangu asubuhi, na mchana kutwa alikuwa amefua mashuka, akaanika, akaanua, akafua tena. Duka la dawa lililokuwa nazo lilikuwa ng'ambo ya reli, kwa hiyo ilibidi avuke.

Alikuwa amechoka. Si ule uchovu unaoisha ukikalia kiti ukapata chai. Huu ulikuwa umeingia mifupani ukajijengea nyumba. Tangu kiharusi kimwangushe Kitonga, Mideva ndiye aliyekuwa mikono yake na miguu yake. Binti yao, Triza, alikuwa na watoto wake na kibanda chake cha nguo kule Kayole, akija Jumapili baada ya ibada. Siku zilizobaki walikuwa wawili tu, katika nyumba yao ya Kaloleni, pamoja na mlio wa treni.

Na sasa Kitonga alikuwa ameacha kulala.

Kila jioni treni ya abiria ilipopita nyuma ya mtaa, macho yake yalifunguka na kukazia dirisha. Halafu alianza kulia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni, mpaka kunakucha. Ilikuwa karibu mwezi sasa. Mideva alikuwa amemwombea, amemkanda, amembadilishia dawa. Usiku mmoja alikuwa hata amemfokea, kisha akalia kwa aibu.

Alinunua pampas na pakiti ya maziwa, akarudi na njia ile ile ya mkato. Giza lilikuwa bado changa. Ng'ambo kule watu walikuwa wakirudi kutoka kazini, sauti zao zikisikika. Lakini pale relini hapakuwa na mtu.

Ti... ti... ti...

Nyundo juu ya chuma.

Mideva alisimama. Harufu ilimfikia kwanza, nzito na yenye majimaji. Aliijua harufu hiyo tangu utotoni kwao Maragoli: shina la mgomba lililokatwa likaachwa lioze.

Ti... ti...

Mtu alikuwa amesimama katikati ya reli. Alivaa kaptula ya kaki na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, mkononi ana nyundo ya mpini mrefu, kama zile walizokuwa wakitumia mafundi wa reli zamani kupima vyuma kwa mlio. Mideva alifikiri ni mlevi. Kisha yule mtu akageuza uso.

Uso ule ulikuwa kinyume.

Pale ambapo mwanga wa taa za mtaa ulimpiga, palikuwa peusi tititi. Penye kivuli, chini ya kidevu na ndani ya macho, palikuwa peupe. Peupe kama unga.

"Mirembe, mama," alisema.

"Mirembe," Mideva akajibu kabla hajafikiri. Ilikuwa salamu ya kwao.

"Yule mzee wa kamera bado yuko?"

"Yuko... Ni mgonjwa."

"Halali siku hizi."

Halikuwa swali. Mideva alitaka kukimbia, lakini miguu yake ilikuwa na uzito wa siku nzima. Hata hofu ilimjia polepole, kama mgeni asiye na haraka.

"Wewe ni nani?"

"Ana kitu changu. Picha mlimpa mama yangu, na Mungu awabariki. Lakini ile nyingine bado mnayo. Ile nyeusi." Akashusha nyundo. "Nimechoka kusimama, mama. Niletee kabla ya treni kupita. Nikilala mimi, na yeye atalala."

Mideva hakukumbuka alivyofika nyumbani.

Kitonga alikuwa macho, akitazama mlango. Mate yalikuwa yamemchirizika mpaka shingoni. Mideva alimpangusa, kisha akapiga magoti na kuvuta lile bati kubwa la biskuti lililokuwa chini ya kitanda.

Humo ndimo Kitonga alimoweka filamu zake zote.

Katika miaka ya themanini, wakati wenzake wa ofisini walipokuwa wakienda baa Jumamosi, karani huyu wa godauni alikuwa akimchukua mkewe na kwenda kupiga picha za treni. Walikwenda Athi River, Konza, Sultan Hamud. Walibeba mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, wakakaa chini ya mti wa miiba kungoja. Zilipita treni za mizigo zenye matangi ya mafuta, ndefu mpaka unasahau zilianzia wapi. Zilipita za abiria, watoto wakipunga mikono madirishani. Majirani walisema wamerogwa. Nani anatumia mshahara kupiga picha behewa la makaa? Lakini Kitonga akishapata picha moja nzuri alikuwa mtu wa furaha wiki nzima, na Mideva aliyapenda yale maisha kuliko alivyowahi kumwambia.

Alizishika filamu moja moja mbele ya balbu, humo ambamo cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana cheupe. Vichwa vya treni vyeupe. Mbingu nyeusi. Mpaka akaipata.

Sultan Hamud, treni ya mizigo ikija kwa mbali. Kando ya reli, fundi mmoja mwenye nyundo, anatazama kamera. Uso mweusi penye jua. Macho meupe.

Luseno.

Jina lile lilimrudia lote kwa mara moja. Jioni ya siku waliyoipiga picha hiyo, kijana huyo hakurudi kambini kwa wenzake. Walitafuta relini, vichakani, mtoni. Hawakuona damu wala kiatu. Mama yake, Kageha, aliyekuwa akisali kanisa moja na Mideva, alikuja kuomba picha, kwa kuwa ndiyo ya mwisho ya mwanawe. Kitonga hakusita. Aliichapisha kubwa, akaitia fremu, akampa. Nyumbani kwao Maragoli walifanya wanavyomfanyia mtu ambaye mwili wake haukuonekana: walikata shina la mgomba, wakalilaza katika jeneza, wakaweka picha juu yake, wakazika. Mideva alikuwepo. Aliimba.

Filamu yenyewe hakuna aliyeifikiria.

"Baba Triza," alisema, akiinama karibu na sikio la mumewe. "Nampelekea mwenyewe. Umesikia? Nampa chake alale, na sisi tulale."

Macho ya Kitonga yalimtoka. Mdomo wake ulipinda upande ule uliokuwa bado na uhai.

"Usi..."

"Nisichelewe? Sichelewi, baba."

"Usi... usi..."

Mideva alikuwa ameshatoka.

Yule mtu alikuwa pale pale. Mideva alinyoosha mkono bila kumtazama usoni. Vidole vilivyochukua filamu vilikuwa na sugu, vya baridi, na vilimgusa kwa adabu, kama kijana anavyopokea kitu kwa mzazi.

"Orio muno, mama. Asante sana."

Honi ya treni ikalia kutoka upande wa mjini. Mideva akarudi nyuma. Taa kubwa ikammulika, mabehewa yakapita kwa kishindo, nyuso za watu waliochoka zimeegemea vioo... Treni ilipokwisha kupita, reli ilikuwa tupu.

Na ile harufu ilikuwa imeondoka.

Nyumbani alimkuta Kitonga amelala. Si kusinzia. Amelala fofofo, mdomo wazi, anakoroma. Mideva alikaa ukingoni mwa kitanda akalia kwa shukrani, kisha akajilaza na nguo zake zote. Alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja kwa miezi.

Aliamshwa na sauti.

"Mirembe, mama."

Kitonga alikuwa anamtazama. Maneno yalitoka wazi, bila kigugumizi cha ugonjwa.

"Asante kwa kunipokea," aliendelea. Kwa Kimaragoli.

Kitonga alikuwa Mkamba wa Machakos. Miaka yote ya ndoa yao, Kimaragoli alichojua ni salamu na matusi mawili.

Triza alipokuja Jumapili alipiga vigelegele. Baba anaongea! Aliwahi kusikia kwamba kiharusi huvuruga lugha kichwani, mtu akaamka na maneno aliyoyasikia tu kwa mkewe. Mchungaji alikuja na akina mama wa kanisa, wakaomba, na mgonjwa akaitikia "Amina" kwa nguvu kuliko wote. Akaomba mrenda, ile mboga ya utelezi ya kwao Mideva. Kitonga alikuwa akisema mrenda ni kamasi. Huyu alimaliza sahani, akaomba nyingine.

Hakuwa na shida. Hilo ndilo lililomkata Mideva maini. Mgonjwa alikuwa mpole. Alishukuru kwa kila kijiko, kila kanga safi. Alilala usiku kucha. Treni ilipita na hakugeuza hata shingo.

"Unakumbuka picha zako?" Mideva alimuuliza siku moja, akijaribu kutabasamu.

"Mimi sijui mambo ya picha, mama."

Mama. Alikuwa akimwita hivyo kila siku. Na chumbani, ukivuta shuka kumgeuza, kulikuwa na ile harufu.

Nzilani, dada mkubwa wa Kitonga, alipanda basi kutoka Machakos aje kumwona. Aliingia chumbani, akamsalimia nduguye Kikamba. Kimya. Akamsalimia tena. Yule aliyelala akatabasamu kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni.

Nzilani alitoka bila kukaa. Alimshika Mideva mkono, akamvuta mpaka kwenye kamba za nguo.

"Wifi," alinong'ona, "huyu ni nani?"

Hapo Mideva akamwambia yote. Nyundo, uso, filamu, treni. Nzilani alisikiliza bila kupepesa.

"Alisema anataka kulala."

"Ndiyo."

"Ulimuuliza atalala wapi?"

Mideva aliona lile kaburi la Maragoli, udongo mwekundu, watu wakiimba, na jeneza linashuka na shina la mgomba ndani yake. Kaburi lilikuwa na mwenyewe tayari. Lilikuwa limejaa miaka yote hiyo.

"Na Kitonga je?" aliuliza.

Nzilani alitazama upande wa reli, akajifunika kanga kichwani. Jioni ilikuwa inaingia. Hakutaka kulala Kaloleni. Aliondoka akasema atauliza wazee, kwamba huenda liko la kufanya. Lakini hakuliahidi.

Jioni hiyo Mideva alikuwa jikoni anachambua mchele. Honi ililia, treni ikapita. Vishindo vilipokwisha, alisikia kitu kingine kikiingia kupitia dirisha la nyuma. Sauti nyembamba. Ya mbali. Ya mtu aliyechoka kupita kiasi.

"Breki..."

Sinia ilimponyoka.

Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo, na mbele ya watu hata yeye hakuthubutu. Ilianzia kule relini, wakati Kitonga alipokuwa akirudi kinyumenyume akiwa na kamera jichoni, na mkewe akimpigia kelele asimame asije akagongwa. "Bila wewe, Breki, ningekuwa nimekufa zamani," alikuwa akimwambia wakiwa wawili.

"Breki... miguu inaniuma."

Mideva alikwenda dirishani. Gizani, kati ya vyuma viwili, kulikuwa na umbo limesimama wima, mikono imeshuka ubavuni. Halikusogea. Hakuweza kuona uso, na moyoni alimshukuru Mungu kwa hilo.

Chumbani, mgonjwa alikoroma kwa utulivu.

Mideva aliwaza mto wa kitandani. Kweli aliuwaza, na jinsi ilivyo rahisi kumziba pumzi mtu asiyeweza kujigeuza. Lakini ule bado ulikuwa mwili wa mumewe, kovu la goti lilikuwa lile lile. Akiumaliza, Kitonga atarudi katika nini? Filamu hakuwa nayo tena. Hakuwa na cha kubadilishana na mtu yeyote. Alichokuwa nacho ni uchovu, na kile alichojua kufanya kwa mikono yake.

Akachukua kiti kimoja cha sebuleni, cha mbao, chenye kitambaa alichokifuma mwenyewe. Akakibeba mpaka nje, akapita nyuma ya nyumba, akafika kando ya reli. Harufu ya grisi na vumbi. Hakuinua macho. Alikita miguu ya kiti kwenye kokoto, akakitikisa kuona kama kimekaa sawa.

"Kaa, baba," alisema. "Kaa upumzike. Kesho nitakuja."

Kiti kikalia kidogo, kama vile kiti hulia kikikaliwa.

Alirudi akamgeuza yule mwingine, akambadilisha, akalala.

Asubuhi aliamini hatakikuta. Kaloleni hata kifuniko cha mtaro huibwa usiku. Lakini kiti kilikuwa pale, na kitambaa chake, na siku ya pili kilikuwa pale, na wiki iliyofuata. Machokora wanaookota vyuma na mbao hawakukigusa. Watu wanaokwenda kazini hupita njia ile alfajiri na mapema, mamia yao. Wakikaribia hupunguza mwendo bila kujua kwa nini, huzunguka mbali kidogo mbele yake, na wengine husema "samahani," kama mtu anavyompita mzee aliyenyoosha miguu.