Chokaa Kwanza, Samadi Baadaye

Baada ya sala ya alfajiri, Kulthum humfunga mwanawe Nour mgongoni, humtanguliza punda, kisha hushika njia ya kilimani. Shamba lao la kisiwani liko juu ya gati la Mtangawanda, kwenye mteremko wa mchanga mwekundu. Hapo ndipo marehemu baba yake alipolima mahindi na kunde mpaka mgongo ukapinda. Alipofariki, aliwaachia shamba hilo wanawe wawili: Kulthum na kaka yake Abdulwahid, fundi mwashi anayefanya kazi mji wa Amu.

Zamani shamba hilo lilijaza ghala. Miaka ya karibuni mahindi yaliota, yakafika magotini, kisha yakasimama. Majani yaligeuka manjano, mengine zambarau. Kulthum alitia mbolea ya dukani. Mwaka uliofuata akaongeza. Mahindi yakazidi kudumaa.

Masika yalipokwisha, kapu lilirudi nyumbani halijajaa. Abdulwahid akaja kutoka Amu na habari yake. Bwana mmoja alitaka kununua kilima kizima ajenge nyumba za wageni.

"Shamba limechoka, dada," alisema. "Hata wanadamu hustaafu."

"Baba hakustaafu," Kulthum alimjibu. "Nipe mpaka masika mengine. Nikishindwa, sitakuzuia."

Abdulwahid alikubali. Alimpenda dada yake, lakini hakuliamini shamba.

Siku moja Kulthum alisikia redioni kwamba udongo mchachu, yaani wenye asidi nyingi, hutibiwa kwa chokaa. Chokaa tena! Watu wa visiwa hivi wanajua nini kuliko chokaa? Nyumba zao za mawe zimesimama kwa chokaa. Ramadhani ikikaribia, kuta hupakwa chokaa zikang'aa. Na nyuma ya nyumba yake palikuwa na pipa zima la chokaa ya kujengea, masalio ya kazi ya Abdulwahid.

Mvua za vuli zilipofika, mahindi yakachipua. Kulthum alichota chokaa ile, akaichanganya na samadi mbichi ya punda, akaimwaga kwenye mashina. Ikatoka harufu kali, macho yakamchuruzika machozi. Yeye akafurahi. Alidhani ukali ule ndio dawa yenyewe.

Hazikupita siku nyingi, majani yakaungua kama yaliyopitiwa na moto. Abdulwahid alikuja, akaipita safu nzima akiyagusa majani. Mwisho akasema, "Ndia zote za kupaka chokaa nazijua. Hii ya kupaka mahindi sikufundishwa."

Kulthum alicheka, lakini cheko halikufika moyoni. Vuli ilikuwa imekwenda. Yalibaki masika tu.

Mumewe, Twahir, hubeba abiria kwa pikipiki kati ya Mtangawanda na Faza. Siku hizo alimbeba Bi Shifaa, afisa wa kilimo, na njiani akamsimulia kisa cha mkewe. Bi Shifaa akataka kupelekwa kilimani saa ileile.

Alipofika hakucheka. Aliomba jembe, akang'oa mhindi mmoja, akamwonyesha Kulthum mizizi yake. Ilikuwa mifupi na minene, kama vidole vilivyovimba.

"Mizizi hii haiwezi kushuka kutafuta chakula," alisema. "Wazo lako la chokaa si baya, Bi Kulthum. Ila umekosea aina ya chokaa, umekosea wakati, na umekosea mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Samadi. Ile harufu iliyokutoa machozi ilikuwa nguvu ya samadi ikipaa hewani. Mahindi hayakuipata."

Wakakaa kivulini, Nour akinyonya, na Bi Shifaa akaeleza taratibu. Mvua kubwa ikipiga mteremko wa mchanga mwaka baada ya mwaka, huosha madini mema na kuacha uchachu. Baadhi ya mbolea za dukani, zikitiwa miaka mingi bila kupima udongo, huuzidisha. Chokaa ya kujengea imechomwa kwenye tanuri, kwa hiyo ni kali. Huunguza mimea, ngozi na macho. Chokaa ya kilimo ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa. Hiyo nayo haikadiriwi kwa macho, kwa sababu ikizidi huharibu shamba. Kwa hiyo Bi Shifaa alichota udongo sehemu mbalimbali za shamba, akauchanganya, akaupeleka kupimwa.

Majibu yalirudi kwa simu. Udongo ulikuwa mchachu kweli, na Bi Shifaa akamtajia kiasi cha chokaa kinachotosha.

Kabla ya masika, shamba likiwa tupu, Twahir alipandisha magunia ya chokaa ya kilimo kutoka gatini. Kulthum alingoja asubuhi isiyo na upepo, akajifunga kitambaa puani, akaanza kunyunyiza. Abdulwahid alikuja kutazama tu. Lakini mikono ya mwashi haivumilii kazi ya mabaka mabaka.

"Lete hapa," alisema. "Ungepaka ukuta hivi, mwenye nyumba angekufukuza."

Akatandaza chokaa sawasawa, pembe hadi pembe. Kulthum akafuata na jembe, akaichanganya na udongo kina cha kiganja. Kisha wakainua matuta ya kukingama mteremko, mvua isiteremke na udongo wao. Wakauacha udongo unywe manyunyu ya kwanza, maana chokaa hufanya kazi polepole na hutaka unyevu. Masika yaliposhika ndipo Kulthum alipotia samadi kwenye mashimo. Safari hii ilikuwa samadi iliyooza vizuri. Akapanda mahindi, na kunde katikati yake.

Mahindi yalipita magoti. Yakapita kiuno. Yakamfunika Nour mgongoni kwa mamake, majani kijani kibichi mpaka chini.

Jirani yao Bi Barka, mwenye shamba kule pwani, aliomba magunia ya chokaa yaliyobaki. Kulthum akamnyima kwa upole. "Shamba lako li juu ya matumbawe, bibi. Huenda udongo wako una chokaa yake tayari. Tumwite kwanza Bi Shifaa aupime."

Wakati wa mavuno yule bwana wa nyumba za wageni alishuka gatini. Abdulwahid mwenyewe alimpokea, akampandisha kilimani. Kulthum aliwaona, akaliweka kapu chini. Aliogopa kwamba kaka yake alikuwa ameshatoa neno.

Abdulwahid alivunja hindi moja, akalimenya, akamkabidhi mgeni.

"Bwana, nimekuleta uone kwa macho yako usije ukaniuliza tena," alisema. "Kilima hiki hakiuzwi. Na yule pale, mwenye mtoto mgongoni, ndiye fundi wake."

Maishani mwake Abdulwahid hakuwahi kumwita mtu fundi kwa mzaha. Kulthum alikaza kanga ya Nour, akainua kichwa, akarudi kwenye safu yake. Kulikuwa na mahindi mengi ya kuvuna.